Msaidizi kaondoka na wazo langu: jibu kwa dada wa uji wa kitarasa, Moshi

Swali limetoka Majengo, Moshi. Nimelifupisha kidogo ila maneno ni yake:

"Shikamoo kaka. Nina miaka 31, natengeneza unga wa uji wa ndizi kitarasa, nachanganya na ulezi, soya, karanga na viungo vyangu, nauza pakiti za nusu kilo. Nilikuwa nafika pakiti 120 kwa wiki. Mwezi wa nne binti aliyekuwa ananisaidia aliondoka na saivi anauza unga kama wangu pale Mbuyuni, hadi jina kalifananisha na pakiti rangi ileile. Tangu hapo nafanya kila kitu mwenyewe, usiku, nikiwa nimefunga dirisha, na nimeshuka hadi pakiti 70. SIDO (shirika la viwanda vidogo) wameniita nikaogopa kwenda maana nitalazimika kueleza ninavyotengeneza. Nina daftari lina mawazo mengine 14 ya biashara, yote sijaanza. Naomba kujua nasajili wapi wazo langu wasiliibe, nichukue hataza? Na mtu akiwa peke yake anafanyaje mpaka kazi ziishe?"

Marahaba mdogo wangu, na pole kwa ya mwezi wa nne. Swali lako nimelisoma mara mbili na kilichonishika sio yule binti, ni lile dirisha. Unakaanga karanga usiku humohumo ndani dirisha limefungwa, jasho linakutoka, asubuhi ukihesabu pakiti hamsini hazipo. Yani binti kachukua kidogo, hizo hamsini za kila wiki unajinyima mwenyewe, na ndo maana maswali yako mawili mi nayajibu kama swali moja.

Tuanze na la usajili tulimalize. Hakuna ofisi Tanzania inayosajili wazo, na sio kwamba serikali imesahau, ni sheria ndo ilivyo. Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1999 inasema ulinzi hauendi kwenye wazo wala njia ya kufanya kitu, unaenda kwenye kile ulichokiandika au kukichora au kukirekodi. Ukiandika kijitabu cha mapishi ya uji, mtu hawezi kukichapa akaweka jina lake, lakini akikinunua akakisoma akaingia jikoni akapika hana kosa lolote. Na kitarasa jamani! Bibi zetu huku mlimani walikuwa wanaikausha na kuisaga wampikie mzazi uji kabla mi na wewe hatujazaliwa. Wazo la uji wa kitarasa sio lako, sio la binti, na siku kampuni kubwa ya Dar ikiamua kulifanya hutakuwa na pa kwenda kulalamika.

Hataza, ile haki ya peke yako juu ya kitu ulichokibuni (patent), ndo usiiwaze kabisa kwa huo unga. Inataka kitu kiwe kipya, kiwe na ubunifu ambao fundi wa kawaida wa kazi hiyo asingeufikia kirahisi, na kiweze kuzalishwa. Mchanganyiko wa unga unakwama kwenye la kwanza na la pili. Alafu kuna jambo watu hawaambiwi, hataza inakulazimisha ueleze kitu chako chote kwa maandishi na maelezo hayo yanatangazwa, kwa hapa kwetu unapewa miaka 10, unaweza kuongeza mitano na mitano mingine ikafika 20, baada ya hapo ni ya kila mtu. Coca-Cola ilianza 1886, kama wangeitegemea hataza leo hata wewe ungekuwa unaipika Majengo. Hawakufanya hivo, waliamua kufunga mdomo, na jinsi wanavyofunga mdomo unaweza kujifunza hapohapo Moshi maana Bonite wamekaa jirani yako wanajaza hizo soda miaka yote. Nitarudi hapo kwa Bonite, ndo penyewe.

(Ukija kubuni kifaa, labda kikaushio cha ndizi kinachofanya kazi hata mwezi wa saba jua limejificha, hapo njoo tuongelee hataza. Dk. Askwar Hilonga wa pale chuo cha Nelson Mandela, Tengeru, alishinda tuzo ya Africa Prize for Engineering Innovation mwaka 2015 kwa chujio la maji, kile ni kitu cha kubuniwa sio mapishi. Na kifaa hicho usikipeleke maonyesho ya Nanenane pale Themi, Arusha, kikashangiliwa na watu kabla hujapeleka maombi, maana ukishakianika hadharani unaweza kuharibu ule upya wake.)

Sasa una nini cha kulinda? Una vitu vitatu, na kila kimoja kinalindwa kivyake, kosa lako ni kuvifungia vyote kwenye dirisha moja. Una jina, una siri, na una wateja waliokuzoea.

Jina ndo kitu pekee kati ya hivyo ambacho sheria inakuwekea uzio wa kweli, na nahisi hujaliwekea. Hukuniambia kama umesajili ila wengi mkiulizwa mnasema "ndio nimesajili BRELA", wale wakala wa usajili wa biashara, kumbe ulichosajili ni jina la biashara. Jina la biashara ni kitambulisho tu kwamba wewe fulani unafanya biashara kwa jina hili, ufungue akaunti, upate leseni. Haliwi lako kwenye pakiti. Kitu cha kwenye pakiti kinaitwa alama ya biashara na huduma, kina sheria yake ya mwaka 1986, kinaombwa BRELA palepale kwenye mfumo wao wa mtandaoni unaoingia kwa namba ya NIDA, lakini ni maombi mengine kabisa na malipo mengine.

Nakwambia hivi kwa uchungu kidogo. Mwaka 2011 mi nilikuwa napakia asali ya nyuki wadogo, chumba kimoja Sakina, Arusha, nina jina zuri tu nililolipata kwa marehemu mama. Nilikuwa na cheti cha jina la biashara nimekiweka kwenye fremu ukutani, najiona nimemaliza. Kuna msambazaji wa Dar alikuwa anachukua chupa arobaini kila mwezi, mtu wa heshima, analipa kwa wakati. Baada ya mwaka na kitu akaacha kuchukua. Nikasema labda soko gumu. Siku nimeenda Dar kwa msiba nikaikuta asali yangu dukani, jina langu, rangi zangu, asali sio yangu. Alikuwa ameshaiomba alama ikatangazwa kwenye jarida la BRELA, na ikishatangazwa kuna siku 60 za mtu mwingine kupinga, mi hata sikujua hilo jarida lipo. Mwanasheria akaniambia bado kuna njia, unaweza kumshtaki mtu anayejipitisha kwa jina la mwenzake hata kama wewe hukusajili, ila lete ushahidi kwamba ulianza wewe: risiti, oda, picha zenye tarehe. Nilichokuwa nacho ni mkoba wa lebo zisizo na tarehe na kumbukumbu yangu ya kichwani. Nikabadilisha jina, nikaanza upya, mwaka mzima wateja wananiuliza kwanini nauza asali feki.

Kwahiyo alama, mdogo wangu, na kabla ya Desemba. Unajua mwenyewe Desemba Moshi inavyojaa, ndugu wote wanapanda kutoka Dar, kila mmoja anarudi na pakiti zako mbili kwenye begi, na kati ya hao mia mmoja ni mfanyabiashara.

Mambo machache ya kuangalia hapo. Jina lenyewe liwe na kitu cha kwako. "Uji Bora" au "Unga wa Lishe" ni maelezo tu, hawawezi kukupa peke yako maneno ambayo kila muuza unga anayahitaji. "Kilimanjaro" nayo achana nayo, mlima ni wa wote, kuna bia Kilimanjaro, maji Kilimanjaro, hoteli Kilimanjaro, hata ukipenyezwa utagombana na watu maisha yako yote. Neno la Kichaga alilokuwa anakuita bibi yako lina nguvu kuliko mlima mzima. Alafu kuna madaraja, bidhaa na huduma zote zimegawanywa madaraja 45 na unalipia kila daraja peke yake, unga na uji wa kawaida upo daraja la 30, ila ukishaandika chakula cha watoto wachanga umehamia daraja la 5 na huko kwenye chakula cha wachanga kuna masharti mengine mazito ya kiafya, kwahiyo kama lebo yako ina picha ya katoto kananyonya kijiko fikiria mara mbili. Ukishasajiliwa ni miaka 7 ya kwanza, baada ya hapo unahuisha kila miaka 10. Na cheti hicho ni cha bara tu, Zanzibar wana ofisi yao, ukianza kupeleka unga visiwani unaomba tena kule.

Tanzanite ilionekana Mererani mwaka 1967, na mzee Jumanne Ngoma aliyeigundua serikali ilikuja kumshika mkono kwa shilingi milioni 100 mwaka 2018. Miaka 51. Jina lenyewe "tanzanite" lilitolewa na Tiffany, wauza vito wa New York, mwaka 1968 na ndo lililoitembeza dunia. Sisi watu wa huku tukiona jiwe tunawaza jiwe, wenzetu wanawaza jina.

Haya, siri. Wewe unaogopa SIDO watajua unatengenezaje, lakini fikiria, pakiti yako ikitaka alama ya TBS, shirika la viwango, na tangu 2019 vyakula vipo kwao TBS, lebo lazima itaje viambato vyote kuanzia kilicho kingi kwenda kidogo. Yani orodha ya vitu haiwezi kuwa siri hata ukitaka, kwanza kuna mtu mwenye aleji ya karanga anahitaji kuijua. Siri yako ipo kwenye kiasi gani, na kwenye mikono: soya unaichemsha kabla ya kukaanga au unaikaanga kavu, karanga unaitoa motoni ikiwa rangi gani, kitarasa unaikata nene au nyembamba, iliki inaingia lini. Hivyo SIDO hawana haja navyo, wao wanataka kujua usafi wa chumba, maji, vipimo, vifungashio, na barua yao ya utambulisho ndo inakurahisishia huko TBS. Wapo tangu 1973, wameona unga wa kila aina, nenda.

Alafu nicheke kidogo, samahani. Nimeingia kwenye stetasi yako ya WhatsApp kupitia namba uliyoniandikia. Kuna video tatu za leo. Moja unakaanga soya na karai linaonekana, hadi rangi inaonekana, ya pili unapima kwenye mzani na namba zinasomeka! Dirisha umelifunga, mlango umeuacha wazi kwa kila uliyemsevu naye ana namba yako.

Na kuna mtu mwingine hujamtaja kabisa, fundi wa mashine ya kusaga. Unamchanganyia kila kitu kwenye ndoo unampelekea asage pamoja, si ndio? Huyo anaijua resipi yako kuliko binti. Anaona ndoo yako, anaona na ndoo za wenzako, na kwenye foleni pale mashineni watu wanaongea. Saga kila kitu peke yake, kitarasa siku moja, ulezi siku nyingine, changanya nyumbani.

Sasa ndo turudi Bonite, maana hapa ndo siri na muda wako vinakutana. Viwanda vinavyojaza Coca-Cola duniani haviletewi resipi, vinaletewa konsentreti, yani kiini kizito cha soda, iliyokwishatengenezwa, wao wanaongeza maji, sukari, gesi, wanajaza, wanapeleka dukani. Wafanyakazi wengi, malori mengi, siri haijatoka. Wewe fanya hivohivo kwa kiwango cha Majengo. Gawa unga wako sehemu mbili. Kuna vile vingi visivyo na siri, kitarasa na ulezi, na kuna vile vidogo vyenye ladha yako, soya yako uliyoikaanga unavyojua wewe, viungo, hicho kingine ambacho hujaniambia na usiniambie. Vile vidogo viite mchanganyiko mama. Tuseme ni sehemu moja ya kumi ya unga wote, natolea mfano tu, wewe unajua yako. Kwa pakiti 120 unahitaji kilo 60 kwa wiki, kwahiyo mchanganyiko mama ni kilo 6 tu. Kilo 6 unazitengeneza asubuhi moja, peke yako, dirisha likiwa wazi upate hewa, unazipima kwenye mifuko 12 ya nusu kilo, unaiandika A, unaweka kabatini unafunga. Msaidizi anakuja anachukua mfuko mmoja wa A anauchanganya na kilo nne na nusu za unga wa kawaida, anapata kilo tano, pakiti kumi. Mifuko 12, pakiti 120. Anapima, anabana, anabandika lebo, anapanga. Hajui A ina nini na hana haja ya kujua, na akiondoka kesho anaondoka na ujuzi wa kubana pakiti.

Unaona kilichotokea? Kazi ya kila usiku imekuwa asubuhi moja. Hukuhitaji kuamka mapema zaidi wala kujinyima usingizi, umetenganisha tu kazi ambayo ni lazima iwe mkono wako na kazi ambayo mkono wowote safi unaweza. Mtu aliye peke yake kwenye biashara anachoka kwa sababu zote hizo mbili anazibeba kichwani kama kitu kimoja, akiogopa kuachia moja anaishia kushika zote.

Huyo msaidizi mpya aandikishwe hata karatasi moja. Sio lazima Kiingereza cha mahakamani, Kiswahili kinatosha: jina lake, kazi yake, malipo, na kwamba atakayoyaona ya vipimo, wateja na bei hatayatumia wala kuyatoa nje, mnasaini wote na shahidi mmoja mzima, sio mama yako. Usimwandikie kwamba hataruhusiwa kuuza uji maisha yake yote, hayo mambo makubwa makubwa yanaweza kukataliwa na yanamfanya mtu mwema akuogope. Karatasi yenyewe haimzuii mwizi, ila inamfanya mtu wa kawaida ajue kuna mstari.

Na kijana aliyekutengenezea lebo je? Hakimiliki ya mchoro inaanza pale mchoro unapochorwa, haisubiri COSOTA, ile ofisi ya hakimiliki, swali ni ya nani. Wengi mnamlipa elfu ishirini thelathini mnaondoka na picha kwenye WhatsApp, faili lenyewe la kuhariri linabaki kwake, na kesho anabadilisha rangi anamuuzia mwingine. Inawezekana kabisa ndo hivo binti alivyopata pakiti kama yako, usimwongezee dhambi kabla hujauliza. Mwambie akupe faili na aandike mistari miwili kwamba kazi umeilipia na haki zote ni zako. Ukitaka kuisajili COSOTA baada ya hapo ni sawa, inasaidia ushahidi.

Daftari. Hapa nisikilize maana hili mi lilinigharimu jina la mama yangu. Nunua kaunta buku, sio yale madaftari ya shule ambayo karatasi zinachomoka. Kila siku ya kazi unaandika tarehe juu na chini yake mistari michache: leo nimetengeneza kilo ngapi, za mfuko gani wa A, kitarasa ilitoka kwa nani, nani kanunua ngapi, kimeharibika nini. Ukibadilisha kipimo unaandika umebadilisha nini na kwanini, ila kwa alama zako mwenyewe, A, B, C, na maana ya herufi inakaa sehemu nyingine anakojua mtu mmoja unayemuamini ukiugua. Jumamosi unapiga picha kurasa za wiki unajitumia kwa email. Hiyo sio usajili, usije ukadanganywa na watu wanaosema ukijitumia email umeshalinda, lakini Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inaruhusu kumbukumbu za namna hiyo kupokelewa mahakamani kama ushahidi, na tarehe utakuwa nazo. Mi sikuwa nazo.

Faida ya pili ni kwamba daftari hilohilo ndo bosi wako. Mtu wa peke yake hana wa kumuuliza "jana ulifanya nini", kwahiyo siku inapita anahangaika kweli kabisa na hajui kahangaikia nini. Baada ya wiki tatu utaona vitu. Labda utaona Jumatano hakuna kitu kwasababu ulipanda daladala kwenda kupeleka pakiti nne Rau, nauli na masaa matatu vimekula faida ya pakiti zote nne, bora boda au uwe na siku moja tu ya kusambaza. Labda utaona pakiti za duka fulani zinarudi zimeanza kunuka mafuta, karanga hiyo, na karanga ndo inabeba sumukuvu pia, ile sumu ya ukungu, ibadilishe inakotoka. Utaona masika kitarasa haikauki na mwezi wa saba kuna baridi na mawingu na hapohapo ndo watu wanataka uji zaidi, kwahiyo kausha ya kutosha Januari na Februari uweke stoo kwenye ndoo zenye mfuniko. Hakuna mtaalamu atakwambia hayo, ni daftari.

Kuhusu siku yenyewe sitakupangia ratiba ya saa kwa saa, sijui mtoto wako anaenda shule saa ngapi. Nitakwambia mawili tu. Yale masaa mawili ambayo kichwa chako kipo safi, kwa wengi ni alfajiri, yasiguswe na simu, ndo ya mchanganyiko mama, hesabu, na kazi nyingine ambayo ni wewe tu. Simu ifunguliwe saa nne asubuhi na saa kumi jioni. Najua utasema wateja watakimbia. Weka WhatsApp Business, ni ya bure, inajibu yenyewe kwamba oda zinajibiwa saa nne na saa kumi, ina katalogi ya pakiti na bei, weka na Lipa Namba yako palepale, nusu ya meseji zako ni "bei gani" na "unalipiaje", zitajijibu. Mteja wa uji hafi kwa kusubiri masaa mawili. Anayekimbia ni yule aliyelipia Jumatatu akaletewa Ijumaa.

Ndo hapo kwa kile kitu cha tatu, wateja waliokuzoea. Hawa hawana sheria inayowalinda kwako. Mama wa Soweto hapo Moshi aliyezoea pakiti yako, akienda dukani mara mbili hajaikuta, mara ya tatu anachukua iliyopo, na iliyopo saivi ni ya binti. Toka umeanza kufunga dirisha pakiti hamsini kila wiki hazipo rafuni. Nafasi hizo nani anazijaza?

Mawazo 14 sina ugomvi nayo. Yahamishie kurasa za mwisho za kaunta buku, kila moja na tarehe yake, na usiyaguse mpaka pakiti 120 zirudi na zikae hapo miezi mitatu mfululizo. Mi ningekubali moja tu liruke foleni, kama ni lile linalotumia kitarasa hiyohiyo, mashine hiyohiyo na mteja huyohuyo. Kama kuna la mishumaa humo, na nahisi lipo maana kila mtu saivi ana la mishumaa, liache lipoe.

Binti sasa. Kuuza uji wa kitarasa ni haki yake kama ilivyo yako, hapo hukuibiwa, na nusu ya wanaotengeneza kitu chochote Moshi walijifunzia kwa mwenzao. Jina na pakiti ndo kuna neno. Kabla ya mwanasheria nenda Mbuyuni mwenyewe, mchana sio wakati ana wateja, nunua pakiti yake moja ulipe na uchukue risiti au ulipie kwa simu ibaki meseji, piga picha, andika kwenye daftari. Alafu ongea nae kama mdogo wako, mwambie unaomba alama na jina lile na rangi ile zitakuletea wewe na yeye shida, bora abadilishe mapema kabla hajachapisha lebo nyingine. Wengi wanabadilisha. Akikataa una pakiti, una tarehe, na maombi yako BRELA yatakuwa yameshaingia, hapo mwanasheria atakuwa na pa kuanzia.

Mi Jumatano huwa nipo soko la Tengeru mpaka saa nane. Ukija Arusha kwa shughuli zako pitia na hiyo barua ya SIDO tuisome wote, na nibebee pakiti mbili nalipia. Ila ile video ya mzani kaifute kwanza.